Ng'ombe Shavuni

Jumatatu, 1 Juni

Nimeenda kwa daktari wa meno kupandikizwa magego mawili ya juu, upande wa kushoto. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Unakaa, unapanua mdomo, unatoka na meno. Pengo ninalo miaka mingi na halijawahi kunikosesha usingizi, lakini Jumamosi ya wiki ijayo ni fainali ya ligi ya mtaa, na refa ni mimi. Refa wa fainali hupigwa picha na kombe. Safari hii ndiye pia atakayerithi kiti cha mkuu wa waamuzi, maana mzee wetu anastaafu. Siwezi kurithi kiti nikiwa na pengo. Hasa kwa kuwa mpinzani wangu tunamwita Magego. Akicheka unayaona yote, mpaka la mwisho kabisa. Na anacheka kila saa, mshenzi yule.

Daktari kaangalia picha ya taya langu, kaguna. Juu ya taya kuna uwazi wa hewa, jirani wa pua. Meno yakiondoka, sakafu ya ule uwazi inashuka, mfupa unabaki mwembamba. Hakuna pa kukazia skrubu. Kwanza atoboe dirisha pembeni mwa fizi, ainue utando ulioko juu, ajaze unga wa mfupa, kisha tungoje miezi sita. Nikauliza mfupa wa nani. Wa ng'ombe. Umesafishwa, akaongeza, kana kwamba hilo ndilo lililonisumbua.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua kuachana nayo. Mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea mwaka juzi, akamwambia mke wangu mbele yangu kwamba mwanamume anayeogopa sindano yeye anamjua kwa kumtazama tu. Nikapiga simu hapo hapo. Nafasi ipo keshokutwa, kuna mgonjwa kaingia mitini. Daktari kaniuliza kazi yangu. Nikamwambia mtunza stoo. Ni kweli, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mambo ya filimbi hakuuliza.

Jumatano, 3 Juni

Nimepasuliwa. Maumivu hakuna, ganzi ilikuwa ya kutosha farasi. Ila sauti! Mtu anakwangua ndani ya kichwa chako kama fundi anayebandua rangi kwenye nyumba ya jirani, na nyumba ni wewe.

Baadaye muuguzi akanisomea masharti. Nisipenge kamasi. Nikipiga chafya, mdomo wazi. Nisinyonye kwa mrija. Nisibebe mizigo. Nisipulize chochote, iwe puto, moto au filimbi.

Nikamwuliza kwa nini filimbi. Akasema ni mfano tu, presha ya pumzi inaweza kuupasua utando. Nikauliza mpaka lini. Mwezi, pengine zaidi. Nikauliza kama ni filimbi ndogo. Akaenda kumwita mke wangu.

Kwa hiyo mke wangu anajua. Kaniambia nijitoe kwenye fainali nimwachie Magego. Nimemwambia nitafikiria. Nimefikiria. Hapana.

Alhamisi, 4 Juni

Shavu limevimba mpaka jicho linachungulia kwa shida. Mama mkwe anasema ng'ombe ameanza kuota.

Jioni akaja Magego kunijulia hali. Kaleta mtindi. Nikamwambia nimeumwa na nyuki. Akalitazama shavu, akasema pole sana mzee mwenzangu, nyuki wa aina hiyo anamfahamu. Akanishauri nilale na mito miwili na nisipenge kamasi. Nani kamwuliza? Kisha akaitoa sumu yake: nikiona siko vizuri, yeye yuko tayari kunishikia fainali, na nisione vibaya. Yaani hata shavu halijapoa, mtu tayari anapima urefu wa kiti. Mtindi nimeula wote, ili asiupate yeye.

Jumapili, 7 Juni

Mpango wa kwanza: honi ya baiskeli, ile ya mpira wa kuminya. Mfukoni mwa bukta, mkono unaminya, mdomoni nina filimbi ya danganya toto. Nimeijaribu chooni. Mama mkwe kasikia, kadhani ni mwuza maziwa, katoka mbio na sufuria mpaka barabarani. Kamtafuta mwuza maziwa robo saa. Aliporudi alinikuta natoka chooni na honi mkononi.

Mpango wa pili ni bora. Duka la vifaa vya michezo linauza filimbi ya betri. Inaenea kiganjani, unabonyeza, inalia kama kengele ya hukumu. Ile ya mdomoni nimeitoa gololi yake ili isije ikalia kwa bahati mbaya. Kilichobaki ni kutunisha mashavu, na la kushoto limeshajitunisha lenyewe. Nani kasema sina bahati?

Jumanne, 9 Juni

Vumbi la stoo. Chafya. Mdomo wazi, kama nilivyoagizwa. Bosi alikuwa mbele yangu. Kanipa mapumziko mpaka wiki ijayo, kwa faida yake mwenyewe.

Alhamisi, 11 Juni

Kikao cha waamuzi. Nilikuwa nimesahau desturi yetu: kabla ya fainali kila mwamuzi anapuliza filimbi yake mbele ya wenzake, kuhakikisha haifanani na ya mwingine uwanjani. Ikafika zamu yangu. Nikaweka ile isiyo na gololi mdomoni, nikakodoa macho, nikabonyeza. Madirisha yalitetemeka. Mzee anayestaafu alishika moyo, kisha akasema haya ndiyo mapafu ya kiongozi.

Wote walipiga makofi isipokuwa Magego. Yeye alikuwa akinitazama kooni. Baadaye akanifuata mlangoni, akaniambia polepole kwamba yeye ni mshika kibendera wangu na atabeba filimbi yake ya akiba, nikikwama nimwonyeshe mkono tu. Nikamjibu kwamba mimi sikwami.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine unashikilia pamba puani.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Ukiacha pale niliposalimiana na nahodha wa wageni, filimbi ikalia katikati ya viganja vyetu na timu moja ikaanza mpira. Mengine yalienda sawa. Watu walisifu nilivyokuwa nikipuliza bila hata kuhema.

Kipindi cha pili jasho likaingia kwenye betri. Mechi inakaribia kuisha, sare, mshambuliaji wa wenyeji anausukuma mpira wavuni kwa mkono, waziwazi, mchana kweupe. Nabonyeza. Kimya. Nabonyeza tena. Kimya. Wenyeji wanashangilia, wageni wamenizunguka, mmoja kanishika fulana. Uwanja mzima unanitazama na mimi nimetunisha mashavu kama chura.

Ndipo filimbi ikalia kutoka pembeni. Magego. Kainua kibendera, kaonyesha mkono, goli hakuna. Uwanja ukatulia. Watu wakampigia makofi. Yeye!

Ningeweza kunyanyua kidole gumba, mambo yakaisha. Lakini niliona kiti changu kinaondoka na miguu yake minne. Nikavuta pumzi ya tumboni nikapuliza ile filimbi ya mdomoni, kwa nguvu zote, kuonyesha mwenye mechi ni nani.

Haina gololi. Ilitoa fyuuu. Ila shavuni kitu kikafanya pap. Hewa ikapita pasipo njia, pua ikachuruzika damu, na ndani ya damu chembechembe nyeupe. Ng'ombe alikuwa anatoka.

Magego akamalizia dakika zilizobaki, na ndiye aliyenipeleka kwa daktari, kwenye gari lake, kibendera kikiwa bado kwapani. Njiani akacheka, nikayaona yote. Kisha akaniambia yale mawili ya juu, kulia, ni ya kupandikiza. Alipasuliwa hivi hivi miaka mitatu iliyopita, wiki ya fainali. Akajitoa. Mimi ndiye niliyechezesha mahali pake, nikawaambia watu kwamba kaogopa mechi. Lile shavu alilijua tangu Alhamisi ile, ndiyo maana alileta mtindi. Nilijisikia vibaya kweli, mpaka taa za barabarani zilipogeuka kijani.

Jumapili, 14 Juni

Utando umechanika. Hauna budi kupona kwanza, kisha upasuaji unarudiwa. Daktari kaniuliza nilipuliza nini. Nikasema chafya. Mke wangu, nyuma yangu, akasema filimbi. Muuguzi akasema ndogo?

Jumanne, 16 Juni

Magego kapewa kiti. Jambo la kwanza alilofanya ni kuomba mimi niwe msaidizi wake, na kuwaambia wote kwamba ile filimbi ya pembeni tulikuwa tumekubaliana. Mke wangu karibu alie. Mama mkwe kasema hata yeye angependa kuwa na mkwe kama yule.

Mimi sidanganyiki. Mtu hakufichii aibu bure. Ananiweka karibu ili asinipoteze machoni. Nami nitamweka karibu zaidi, mpaka kiti kipate joto langu.

Upasuaji wa pili ni Oktoba. Daktari kaniuliza kwa ukali kama wiki ile nina shughuli yoyote ya kupuliza. Nikamtazama usoni nikamwambia sina kabisa. Kombe la hisani linachezwa Jumamosi yake. Betri haziaminiki, hilo nimeliona kwa macho yangu. Nimeshaongea na fundi baiskeli. Atanitengenezea honi ya kukanyaga, inakaa ndani ya kiatu.