La Kulia Ni la Kulia

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema! Mama mkwe katuita wawili, mimi na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Tumekaa sebuleni kwake wima, magoti pamoja, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Habari yenyewe: gari lake la zamani limekufa, halifufuki. Bila gari hawezi kuvuka mto kila Jumamosi kwenda kuwapima wajawazito wa ng'ambo. Ni mkunga mstaafu, ila amestaafu kwenye karatasi tu.

Yapo magari mawili ya njia mbovu, yote yametumika, yote ya kijivu, yanafanana kama pacha. Muuzaji amekubali tukae nayo mpaka Jumamosi. Atakataaje? Mama mkwe ndiye aliyemzalisha mama yake. Kazi yetu ni kulinganisha mambo matatu: nguvu, ulaji wa mafuta, na kama bei inafanana na kitu chenyewe. Kisha mama mkwe akapangusa miwani na kusema kwamba atakayeifanya kazi hiyo vizuri ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Atakuwa dereva wake. Wa mshahara!

Miezi tisa tangu kiwanda chetu cha uchapaji kifungwe. Miezi tisa cherehani ya mke wangu ndiyo inayotulisha, na hajanisimanga hata siku moja. Namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nautaka ufunguo huo niuweke mbele yake.

Mwanyumba wangu ni mwalimu wa hesabu. Mtu wa kupima mkate kwa rula kabla ya kuukata. Atajua nini kuhusu magari? Mimi nimechapa kalenda za magari miaka kumi na mmoja.

Nimeyapa majina. Kifaru ana injini kubwa na bei yake ni ya chini. Nyati ni mwepesi kidogo, ghali kidogo. Mwalimu akasema kwa kutazama tu anaegemea kwa Nyati. Papo hapo nikajua moyoni kwamba gari ni Kifaru.

Jumanne, 4 Juni

Jaribio la nguvu, kilima cha tangi la maji. Njia ya kokoto tupu. Mwalimu akataka tuanze na magurudumu ya nyuma peke yake, bila kuunganisha yote manne, ili tuone ukweli. Sawa. Mimi nilikuwa nimeshautayarisha ukweli tangu alfajiri: magunia manne ya mchanga kwenye buti la Nyati, chini ya blanketi. Mchanga wa jirani anayejenga. Nilimwomba, akanipa bila kuuliza. Jirani mwema sana.

Mpango ulikuwa hivi: Nyati azidiwe na mzigo, akohoe, arudi nyuma. Kifaru apae.

Nyati akapanda! Polepole, kwa heshima, hadi juu kwenye tangi. Kifaru akafika nusu, magurudumu yakazunguka patupu, kokoto zikaruka, moja ikanipiga goti. Mwalimu akaeleza kwamba uzito wa nyuma ndio unaoyakandamiza magurudumu yashike njia, kwa hiyo huenda Nyati amebeba kitu. Akafungua buti.

Nikaona mwisho wangu. Lakini mama mkwe, aliyekuwa akitutazama tangu mwanzo, akachungulia, akanitazama, akasema vizuri sana, baba, umekumbuka kwamba mimi sisafiri mtupu, nabeba mizani, dawa na maboksi. Akaagiza magunia yahamishiwe kwa Kifaru naye ajaribiwe upya. Nani wa kuyahamisha? Mimi. Kifaru akapanda haraka kuliko Nyati. Kwa hiyo ana nguvu kweli! Mgongo umekwisha, lakini nimesifiwa mbele ya mwanyumba wangu. Ahsante Mungu.

Jumatano, 5 Juni

Leo mafuta. Utaratibu wa Mwalimu: jazeni matangi mpaka juu, zungukeni njia ile ile, rudini kituo kile kile, jazeni tena. Kitakachoingia ndicho kilicholiwa. Mimi na Kifaru, yeye na Nyati.

Kilomita chache kabla ya kurudi kituoni tulipumzika. Mwalimu akaenda kununua chaki, na mama mkwe, aliyepanda naye Nyati, akamfuata dukani. Nikatoa dumu langu kutoka nyuma ya kiti nikammiminia Kifaru. Lita tano zingetosha. Lakini dumu lilikuwa la lita ishirini, na mkono wangu ni wa ukarimu: niliacha tangi lilipojaa pomoni.

Tukarudi kituoni. Nyati akajazwa, hesabu ikaandikwa. Ikaja zamu ya Kifaru. Mjazaji akaweka bomba, akabonyeza mara moja, dizeli ikafurika mpaka kwenye viatu vyake. Akanitazama. Akaitazama mita. Akasema tangi limejaa, mzee, umekuja kufanya nini hapa?

Kilomita mia moja na ishirini, lita sifuri! Mama mkwe akashuka akaja kuangalia mwenyewe. Alisema amezalisha miaka thelathini na minne, lakini gari linalojifungua mafuta njiani hajawahi kuliona. Mjazaji alicheka hadi akakaa chini.

Mwalimu ndiye aliyeniokoa. Alisema huenda mita ya pampu ina kasoro, jaribio lirudiwe jioni. Bila shaka ameniogopa. Hata hivyo namshukuru, maana hakulazimika. Tumerudia. Kifaru kilomita tisa kwa lita moja, Nyati kumi na moja. Nguvu kwangu, mafuta kwake. Imebaki bei, na bei haisemi lolote mpaka fundi aseme.

Mikono inanuka dizeli. Nimenawa kwa sabuni mara nne. Mke wangu amenichemshia maji ya mara ya tano bila kuuliza swali. Huyu mwanamke!

Alhamisi, 6 Juni

Fundi amekuja uani kwa mama mkwe. Mwalimu yuko darasani, mama mkwe amekwenda kumwona mzazi mtaa wa pili. Kwa hiyo shahidi ni mimi peke yangu. Nilijiapiza leo sifanyi hila yoyote. Nilikuwa nimechoka.

Magari yaliegeshwa pua zikitazama nyumba. Mimi nilikaa barazani, nikiyatazama usoni. Kushoto kwangu Kifaru, kulia kwangu Nyati. Fundi akaingia chini ya moja, akatoka, akaingia chini ya jingine, akagonga, akakwaruza, akaguna. Mwishowe akasimama nyuma ya magari akijifuta mikono. Simu yake ikalia, mteja mwingine anamgombeza. Akabeba sanduku lake, akanipigia kelele kutoka kule kule nyuma:

“La kushoto zima, chukueni! La kulia, mzee, ni la kulia kweli!”

Akacheka mwenyewe kwa mchezo wake wa maneno, akaondoka mbio.

La kulia ni la kulia! Gari la machozi! Na kulia kwangu ni nani? Nyati! Nilicheza barazani peke yangu. Nikaandika kwenye daftari la mama mkwe kwa herufi zangu nzuri za kiwandani: Kifaru mzima, Nyati wa kuliza watu. Safari hii sikutia chumvi wala sukari. Ukweli mtupu, na bado nimeshinda! Sijui kwa nini sikuwahi kujaribu njia hii.

Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe amesoma daftari. Mwalimu ametetea kilomita zake kumi na moja kwa dakika ishirini. Mama mkwe akasema mafuta ni muhimu, lakini neno la fundi ni zito zaidi, na Kifaru ana nguvu, tena bei yake ni nzuri. Kifaru amechaguliwa. Ufunguo nimepewa mimi! Mwalimu alinipa mkono na kunipongeza vizuri tu. Nilitegemea atanuna. Nilisikitika kidogo kwamba hakununa.

Nikaona uungwana niende kumshukuru fundi. Nikaendesha Kifaru mpaka gereji kwake, kiwiko dirishani, nikiwapungia hata nisiowajua.

Fundi alitoka mbio na spana mkononi. Akaniuliza nafanya nini ndani ya gari hilo. Si aliniambia nichukue la kushoto? Nikamwambia hili ndilo la kushoto. Akaniuliza la kushoto la nani. Nikamwambia langu, niliyekaa barazani. Akajishika kichwa. Alikuwa amesimama nyuma ya magari, ameelekea kwangu. Kushoto kwake ni kulia kwangu!

Akanilaza chini nikaone kwa macho yangu. Chasisi, yaani ule uti wa mgongo wa gari, imepasuka, ikachomelewa ovyo, ikapakwa rangi mbichi. Ndiyo maana bei ni tamu. Alisema barabara ya lami litakwenda hata mwaka. Likiingia shimo moja zito la njia ya mto, litavunjika kiuno hapo hapo, na aliyemo Mungu amsaidie.

Nimerudi nikiendesha kama nimebeba mayai. Kesho mama mkwe anavuka mto. Nikisema, ufunguo umekwenda, na daftari lenye uongo ni la mwandiko wangu. Mke wangu amekwisha kupiga pasi shati la udereva. Ameshona mfuko wa kifuani wa kuwekea ufunguo.

Nina mpango. Nitamshawishi mama mkwe kwamba rangi ya Nyati inampendeza zaidi.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango ulidumu nusu dakika. Nilimwambia Nyati anaendana na rangi ya ngozi yake. Mama mkwe akasema yote mawili ni ya kijivu, akafungua mlango wa Kifaru, akaketi, akaweka mizani ya watoto wachanga mapajani, akafunga mkanda. Akaniambia twende, baba, wale wanawake wameamka mapema kunisubiri.

Nilishika ufunguo. Mkono ulikataa kuuzungusha.

“Mama, shuka.”

Akauliza kuna nini. Nikasema shuka kwanza, nakuomba. Akashuka, nami nikaanza. Nilisema la kushoto na la kulia. Nikasema chasisi. Nikashindwa kunyamaza: magunia ya mchanga, dumu la lita ishirini, hata kalenda niliyomzawadia mwaka juzi ambayo Juni ilikuwa na siku thelathini na moja. Mwalimu alikuwapo, alikuja kutuaga. Akasikia yote. Nikamnyooshea ufunguo yeye. Nililia, naandika hapa bila aibu.

Mwalimu hakuupokea. Alisema ana masomo ya ziada kila Jumamosi, ataweza lini kuwa dereva? Alishiriki kwa sababu mama mkwe alimwomba. Mama mkwe hakutaka nipewe kazi nikidhani nimehurumiwa. Alitaka nimshinde mtu. Mwalimu akakubali awe mtu wa kushindwa! Wiki nzima amehangaika kunisaidia nishinde, nami kila siku nikimharibia. Habari ya magunia aliijua. Ya dizeli mama mkwe aliijua tangu niliposhikana naye mkono Jumatano, akasikia harufu yake.

Nikauliza basi kwa nini ufunguo uko kwangu bado. Mama mkwe alisema madereva wengi wanajua kumwambia panda. Anayeweza kumwambia shuka, akijua kwamba itamgharimu, huyo ndiye anayemtaka kwenye usukani. Halafu akaniambia nihamishe mizani haraka, tumechelewa.

Tukavuka na Nyati. Maji yalifika kwenye ngazi ya mlango. Wanawake kumi na mmoja wamepimwa, mmoja amejulishwa kwamba amebeba mapacha, akapiga kelele nikamsikia nje. Muuzaji amemrudisha Kifaru yadini na kuapa kwamba hakujua, na mama mkwe amemwambia amwandike ubavuni kwamba amevunjika.

Jioni niliuweka ufunguo kwenye meza ya cherehani. Mke wangu akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akauchukua, akautia kwenye mfuko wa kifua changu, akaupigapiga mara mbili. Sijui nimemfanyia nini Mungu hata nikapewa watu hawa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mtu mpya. Nimejifunza! Hila zote nilizofanya wiki hii zilikuwa na kosa moja tu: zilikuwa za kumwangusha mwenzangu. Hila inatakiwa iwe ya kumwinua.

Mke wangu kaniambia kwamba shuleni kwa Mwalimu wanatafuta mkuu mpya, na mwenyewe anautaka ukuu huo, ila ni mpole mno hata kujitaja. Mtu aliyenipa kazi kwa kukubali kushindwa! Nikae kimya? Utu uko wapi?

Kwa hiyo tangu asubuhi naandika barua kwa bodi ya shule, kutoka kwa wazazi wanaomsifu. Wazazi hawajui bado, lakini wangejua wangeandika. Miandiko mbalimbali, kalamu tatu, karatasi za aina nne. Nimesaini Mzazi Mwenye Shukrani, Mzazi wa Mapacha, Mjane, na Baba wa Watoto Tisa. Mke wangu amepita nyuma yangu, akasoma mbili, akauliza kwa upole kama Mwalimu ana habari. Nikamwambia hapana, na hatakiwi kuwa nayo, ndiyo maana ya kuitwa shukrani.

Nimemaliza saba. Ya nane naiandika kama mzazi asiyempenda sana, ili wasije wakashtuka.