Mzizi Ulioniangusha Machochwe

Jumatatu, 5 Mei 2025
Hasira! Ugali haushuki. Watafiti wamefika hapa Machochwe kutafuta mimea ya kutengeneza dawa mpya ya malaria, na wameenda moja kwa moja kwa nani? Kwa jirani yangu, Bibi Scholastica! Mkuu wao, Daktari Irine, amemwamkia shikamoo kwa kupiga goti. Nimepita pale mara nne nikikohoa. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumanne, 6 Mei
Nimemnyemelea Bibi porini. Amechimba mzizi wa kichaka chenye miiba. Alipoondoka, nami nikachimba. Mfuko mzima! Mikono yote imechanika. Nimemwambia mke wangu Rhobi kwamba dunia itanijua. Amesema initambue kwanza nikipalilia mahindi. Mwanamke hana maono.

Jumatano, 7 Mei
Fedheha. Nimewaambia watafiti kuwa mzizi ni siri ya ukoo wetu, na kwamba uliniponya malaria mwezi wa pili. Daktari Irine akauliza nilipimwa wapi. Kupimwa! Nilikuwa natetemeka! Akasema kutetemeka si kipimo, na kwamba hata mmea mzuri hujaribiwa maabarani miaka na miaka, na mingi hushindwa. Miaka! Mimi nina arobaini na saba.
Kisha Bibi akaunusa mzizi, akacheka hadi akashika nguzo.
“Kisyeri mwanangu, huu tunampa ng’ombe akivimbiwa.”
Wote wakacheka. Hata dereva wao!

Ijumaa, 9 Mei
Homa. Ya kweli! Viungo vinauma, nasikia baridi juani. Ushahidi umekuja wenyewe. Nitajiponya, waone aibu. Rhobi amesema twende zahanati. Nimekataa. Nimechemsha mzizi, nimekunywa vikombe vitatu.
Jioni. Nimeshinda chooni. Nawahurumia ng’ombe.

Jumatatu, 12 Mei
Siku mbili sizijui kabisa. Rhobi anasema nilikuwa namwita kwa jina la marehemu mama yangu, naye akalia kwa sauti. Bibi Scholastica ndiye aliyekimbia kuita bodaboda, akakaa nyuma yangu akinikumbatia nisianguke mpaka zahanati. Umri ule! Kipimo kimeonyesha malaria kali. Nimechomwa sindano, leo nimeanza vidonge. Daktari Irine amekuja kunijulia hali. Ati dawa hizi nazo asili yake ni mmea, ila watu walifanya kazi miaka mingi kuzipata.
Nikamuuliza Bibi kwa nini aliwapa watafiti siri zake bure, apate sifa? Akanitazama kwa ukali.
“Nilizika watoto wawili kwa homa hii, mwaka mmoja. Mizizi yangu yote niliwanywesha. Haikutosha. Sifa nitaipeleka wapi?”
Nikageukia ukuta. Alikuwa amenishinda. Hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 15 Mei
Nimerudi nyumbani. Rhobi amenikataza kugusa kichaka chochote. Lakini kitandani nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona. Vikombe vitatu! Vilipaswa kuwa vinne. Tena, nani amethibitisha kwamba ni sindano iliyoniponya, wakati mzizi ndio uliotangulia? Nimemwandikia Daktari Irine barua nikidai dawa ipewe jina langu. Kurasa sita.
Isitoshe, Olima wa bodaboda amenidokeza kuwa kule Matongo kuna mzee mwenye mti wa kutibu kisukari, na huenda kuuchimba mizizi peke yake kila alfajiri. Olima atanipitia kesho saa kumi na moja alfajiri.