Ratili Kumi na Nne Zilizochukuliwa na Upepo

Kwa Kamati ya Chama cha Wavuvi wa Bwawa la Scarholme,
Lincolnshire.

Bibi Mwenyekiti, wajumbe waheshimiwa, nanyi wanachama mtakaosomewa barua hii kwenye Mkutano Mkuu:

YAH: OMBI LA KUBATILISHA MASHINDANO YA KUVUA KARPU YA TAREHE 12 OKTOBA

Naandika kwa utulivu. Nimesubiri siku tisa ili niupate utulivu huo, na mke wangu Beryl ameniomba niwafahamishe kwamba hii ni rasimu ya nne.

Kama mjuavyo, Kombe la Bwawa limebakiwa na nafasi ya jina moja tu. Fundi wa kuchonga atakuja tarehe mosi Novemba, kisha kombe litafungiwa kabatini lisishindaniwe tena. Nimelishindania mara ishirini na mbili. Jina linalosubiri kuchongwa ni la Rosalind Threlfall, dada wa mke wangu, aliyeanza kuvua mwaka juzi kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, daktari alimshauri akae nje kidogo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upepo. Tulipopiga kura ya vituo vya kuvulia, nilitia mkono katika mfuko wa kura nikatoa namba kumi na tisa. Silalamikii kura, mkono ulikuwa wangu. Nalalamika kwamba tangu filimbi ya saa nne asubuhi hadi ile ya saa kumi jioni, upepo wote wa Lincolnshire ulielekezwa usoni pangu, ilhali Rosalind, ng'ambo ya bwawa, aliupa mgongo akasoma gazeti. Kamati hii hupima fito zetu za kuvulia kwa utepe na kukagua ndoano zetu moja moja zisiwe na kijino cha kumjeruhi samaki. Imeshindwaje kuugawa upepo kwa haki?

2. Mwavuli. Saa sita na robo, kwa dakika moja pekee siku nzima, upepo uligeuka: mwavuli wangu uling'oka, ukavuka maji, ukatua kituo cha tano, kwa Rosalind. Aliukung'uta, akaukita kando ya wake, akanipungia mkono. Simtuhumu wizi. Nauliza tu iwapo mtu aliyekaa chini ya miavuli miwili bado anashiriki mashindano ya nje.

3. Wavu. Kila mshindani huruhusiwa nyavu mbili za kuhifadhia samaki wake hadi wapimwe, na wavu mmoja usizidi ratili hamsini, ili samaki wasigandamizane. Kinachozidi hakihesabiwi. Kanuni hii siipingi. Mimi ndiye niliyeipendekeza, na wakongwe watakumbuka kwamba niliitetea kwa dakika arobaini. Lakini mvua ya mawe ilipoanza, vidole vyangu viliacha kunitii, na wavu wa pili ukabaki umekunjwa mfukoni mwake. Karpu nao walikuwa wakiyala mahindi yangu ya kopo kana kwamba wameambiwa kesho hakuna. Niliwatia wote katika wavu mmoja, nikikadiria ratili arobaini na nane.

Bwana Ogden Pask, mpimaji wetu, aliutundika wavu kwenye mizani. Ulisoma sitini na nne. Akaandika hamsini. Rosalind, kwa nyavu zake mbili, alikuwa na hamsini na mbili. Nilimweleza Bwana Pask kwa kirefu kwamba aliyenizuia kufungua wavu wa pili ni upepo, kwa hiyo ni upepo uliovunja kanuni, na adhabu iandikwe kwa jina lake. Alinisikiliza hadi mwisho, maji yakimchuruzika kofiani.

“Mzee Alwyn,” akasema, “kanuni ni yako. Mimi nimeshika penseli tu.”

Rosalind, aliyekuja kunirudishia mwavuli, aliuliza mbele ya wavuvi kumi na wanane, “Shemeji, ule wavu wa pili ulikuwa unamwekea nani, mgeni?” Walicheka. Wengine mko humu ukumbini, na majina yenu ninayo.

4. Chakula cha mchana. Kila Jumapili mimi na Beryl hula nyama ya kuoka kwa Rosalind. Jumapili iliyopita kombe lilikuwa mezani, kando ya viazi, limejazwa mchuzi. Niliombwa nilipitishe. Nililipitisha. Hapo ndipo kamati ipime uungwana wangu.

Kwa hayo yote, naomba matokeo yafutwe na mashindano yarudiwe kabla ya fundi kuja, katika siku isiyo na upepo wa kutosha kutikisa kofia. Naomba pia katiba yetu iongezwe kifungu: mvua itakayotaka kunyesha Scarholme siku ya mashindano iwasilishe ombi kwa maandishi wiki mbili kabla, na ile ya mawe ifike mbele ya kamati yenyewe ijieleze. Hali ya hewa isiyokubali masharti haya ifutiwe haki ya kuingia bwawani, kama tulivyomfutia Bwana Ludlam na mbwa wake.

Nisalimieni wapishi wa sandwichi, wenye bustani za kando ya bwawa wanaotuvumilia, na hata Rosalind, ambaye bila shaka ameketi mstari wa mbele.

Ni mimi, mwanachama wenu mtiifu na mwenye baridi,
Alwyn Hebblethwaite

Nyongeza: Barua ikiwa tayari imefungwa, nilirudi jana kituo cha kumi na tisa ili kuipatia kamati ushahidi. Jua liliwaka, jani halikutikisika. Nilikaa saa sita na mahindi yaleyale. Sikupata hata karpu mmoja. Bwana Pask, aliyekuwa akifyeka nyasi, aliniambia jambo alilodhani mtu aliyeshindana miaka ishirini na miwili analijua: karpu huufuata upepo, na siku ile bwawa zima lilikuwa limesukumwa miguuni pangu. Basi fundi na achonge jina la Rosalind. Naambatanisha fomu yangu ya mashindano ya Machi, yasiyo na kombe. Penye “mahitaji maalumu” nimeandika: upepo, usoni.