Jambia la Kukatia Bata Mzinga

Jumatatu, 6 Oktoba
Nadine ametoa amri. Nisipopata utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza, kwenye maonyesho ya visu Jumamosi hii, visu vyangu vyote arobaini na kimoja vinahamia bandani, na meza ya kulia inarudi kuwa meza ya kulia. Anasema miaka tisa ya kula sahani ikiwa magotini inatosha. Sikukuu ya Shukrani mwaka huu anataka bata mzinga akae mezani kama kwa watu wengine. Nikamjibu kwamba mke wa mkusanya visu lazima awe na moyo. Akasema moyo anao, asicho nacho ni meza.

Bandani! Na lile bati linalovuja! Sikubali.

Jumanne, 7 Oktoba
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Kwenye mnada wa vitu vya marehemu Hoyt Brashears, chini ya sanduku la nyundo, nimepata jambia la kupigania la zamani za Vita vya Kaskazini na Kusini hapa Marekani. Refu kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Mpini wa pembe ya kulungu. Jimbo zima la Arkansas lingelipigania. Jirani yangu Delbert Stallcup, mwenye utepe mara sita mfululizo, alikuwa hatua mbili kando akikagua mabakuli. Hakuona kitu!

Kasoro moja tu. Jeusi kama sufuria ya maharage.

Jumatano, 8 Oktoba
Msasa tangu asubuhi. Visu vya Delbert vyote vimefubaa, naye husema ndivyo vinavyotakiwa. Mvivu hakosi sababu. Karibu na mpini palikuwa na uchafu sugu, umekaa kama herufi. Nimeusugua saa nzima hadi ukatoka. Sasa naona meno yangu kwenye bapa. Nadine amelisifu, akasema litafaa kukatia bata mzinga. Sikuipenda sauti ile.

Ijumaa, 10 Oktoba
Delbert alikuja kuazima ngazi. Nilishindwa kujizuia, nikamwonyesha. Akaketi kizingitini. Akauliza, kwa sauti ya msibani, kama palikuwa na jina la mhunzi. Nikamwambia palikuwa na uchafu tu. Akasema weusi ule ndio umri wa kisu, na uchafu wenye herufi huwa ni jina.

“Orval, umelichuna ngozi,” akasema.

Wivu huo. Hata hivyo mwerevu hujihami. Siki na haradali, ile ya kupaka soseji, hurudisha weusi. Nimelipaka chupa mbili na kulifunga kwa taulo la Nadine, lile la wageni.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mwamuzi, Bibi Imogene Pruett, hushika visu kwa leso. Akalishika langu. Akalinusa. Akalinusa tena, kisha akauliza kama liliwahi kupigana na soseji. Ukumbi mzima ukacheka. Nikasema hakuna ajuaye askari wa kale walikula nini. Hapo akaacha kutabasamu.

“Bwana Teague, jambia hili limedumu miaka mia moja na sitini. Limevuka vita vizima. Limeshindwa kukuvuka wewe.”

Utepe amechukua Delbert. Ukumbi ule una mwanga mbaya, hilo nitaliandikia barua.

Jumapili, 12 Oktoba
Visu viko bandani. Delbert ndiye aliyenisaidia kubeba, kila kisu akikishika kwa leso, jambo ambalo ni kiburi. Jambia limebaki jikoni kwa Nadine. Linakata kabichi vizuri sana.

Tumekula mezani. Kuku, viazi vya kuponda, mkate wa mahindi. Nadine aliimba akipanga sahani. Nilikuwa nimesahau kwamba huimba. Nikaona aibu, na aibu ile ilidumu mpaka kwenye pai.

Jumanne, 14 Oktoba
Delbert ameniletea kisu chake kimoja, cheusi, chenye jina la mhunzi, eti nianze upya. Nadine akamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Delbert akaniapisha nisikiguse ila kwa leso. Nimeapa, mkono juu ya meza ya kulia.

Ni kisu kizuri. Ila herufi mbili za jina hazisomeki, zimezibwa na uchafu. Kidogo tu. Na msasa sitagusa, mimi si mjinga. Nimeazima mashine ya kusugulia chuma, ya Delbert mwenyewe. Nimemwambia ni ya jembe la Nadine.