Mstari wa Maji wa Orville

Gazeti lilifika mezani likiwa limeshadondokewa na krimu ya donati, na habari yenyewe ilikuwa chini ya doa. Shemasi Lonnie akaifuta kwa kidole, akakilamba, kisha akasoma kwa sauti ya mimbarini.

"Jiji la Paducah kupima upya alama za mafuriko ya mwaka thelathini na saba. Kila mtaa utapata kibao kimoja cha shaba. Kitabandikwa kwenye ukuta ambao mstari wake wa maji unasema kweli."

"Ukuta unaosema kweli, Paducah?" Nanga akasema. "Si wavuke mto tu, wakatafute Illinois."

"Kausha, sijamaliza. Upimaji unaanza leo, mtaa wa mtoni. Saa nne asubuhi."

Royce akaitazama saa, akaweka kikombe chini bila kunywa. Kwa miaka arobaini alipaka rangi nyumba za watu, ndiyo maana hapa kwenye duka la donati la Bi Verlene wanamwita Brashi. Katika miaka yote hiyo kuna ukuta mmoja tu ambao aliwaficha watu alichoufanyia, na ukuta wenyewe ulikuwa nyuma ya mgongo wake, juu ya mashine ya kahawa. Ulikuwa na mstari wa bluu, kiganja kimoja juu ya kichwa cha mtu mrefu, na maneno: MAJI YALIFIKA HAPA, 1937.

"Maji ya jiji hili bwana ni kiboko," Nanga akaendelea. Alisukuma matishari ya makaa Mto Ohio mpaka magoti yakamgomea, kwa hiyo kwenye mambo ya maji hakuna wa kumfundisha. "Dunia nzima maji hulala sawasawa. Hapa kwetu yalitembelea watu kwa vyeo. Kwa kinyozi yalifika shingoni. Mlango wa pili, baa, yalifika rafu ya juu ya wiski, na hakuna chupa iliyolowa. Kanisani kwako je, Shemasi?"

"Yalifika ngazi ya mimbari. Mungu akayaambia basi."

"Mungu akayaambia basi. Na kwa mzishi, mnayegawana naye ukuta?"

"Hayakuingia."

"Hayakuingia. Mungu aliyapigisha kona."

"Sasa mzishi ungetaka aseme yaliingia?" Shemasi akasema. "Nani atapeleka maiti ya mama yake mahali palipowahi kulowa? Yule anafanya biashara, hafundishi historia."

Bi Verlene akatoka jikoni akijifuta unga mikononi. Alikuwa amevaa gauni jipya la kijani, na gauni hilo lilimtisha Royce kuliko habari ya gazetini.

"Mmesoma?" akauliza. "Nimempigia dada yangu Nashville, anakuja na wajukuu. Kibao kitaandikwa jina la Baba. Orville Pruitt, kwa shaba. Walimcheka mpaka anaingia kaburini. Sasa waje wamcheke na shaba."

Wazee watatu wakainamia vikombe.

"Naenda saluni, nitarudi kabla ya saa nne," akasema. "Royce, uangalie duka. Shemasi, zile za chokoleti nimezihesabu."

Mlango ukafungwa. Royce akageuka akautazama ukuta.

Jambo lenyewe ni hili. Orville alikuwa mwongo. Si mwongo wa kuumiza watu, alikuwa fundi. Alivua kambare aliyeivuta boti yake mpaka Cairo, ile ya Illinois. Alioa mwimbaji wa meli ya starehe kabla ya kumwoa mama yake Verlene, na akamwacha kwa sababu alikoroma. Aliwahi kumkopesha gavana suruali. Kwa hiyo aliposema kwamba maji ya thelathini na saba yalijaza duka lote hadi dari, na kwamba yeye, akiwa na miaka tisa, alitolewa na baba yake kupitia tundu la paa lililopasuliwa kwa shoka, watu walicheka kama walivyocheka ile ya suruali.

"Nina jambo la kusema," Royce akasema. "Na mkinikatiza sisemi tena."

"Sema."

"Ule mstari haukuwa pale. Orville aliuchora ukigusa dari. Mwaka tisini na moja ilitia nanga meli ya watalii, wakaingia humu, akawasimulia. Walimcheka usoni, jamani. Mwanamke mmoja akamwambia, babu, hizi hadithi waambie wajukuu. Mzee akageuka akajifanya anakaanga, na kikaangio hakikuwa na kitu. Wiki ile nilikuwa napaka ukuta. Nikauteremsha futi moja na nusu ili wageni wapate kumwamini."

"Na yeye hakuona?"

"Alikuwa na mtoto wa jicho. Hata mimi alikuwa ananiita Harlan."

Nanga, ambaye Harlan ndilo jina lake, akakuna shingo. Shemasi ndiye aliyezungumza, na safari hii si kwa sauti ya mimbarini.

"Tisini na tisa vijana wa kanisa walijitolea kumpakia duka rangi. Mimi ndiye niliyesimamia. Nikaona hata hapo ulipo bado ni fiksi. Nikauteremsha futi moja."

"Shemasi."

"Kwa upendo, Brashi. Nisingeweza kumwacha mzee adanganye kwenye ukuta uliopakwa na kanisa."

Wote wawili wakamgeukia Nanga.

"Msinitazame hivyo," Nanga akasema. "Ilikuwa wiki ya msiba wake. Mchungaji alikuwa anakuja hapa kula baada ya mazishi. Futi moja tu. Sikutaka azikwe na ushahidi ukutani."

Royce akahesabu kwa vidole. Dari futi kumi. Mstari sasa futi sita na nusu. Watu watatu waliompenda Orville walimfichia aibu, kila mmoja kivyake, miaka mingi, na bado mstari ulikuwa juu ya kichwa cha Nanga.

"Mpimaji akija akakuta ni uongo," Royce akasema, "Verlene anaambiwa leo, mbele ya dada yake, kwamba baba yake alikuwa mwongo. Kwa mashine."

"Basi tuuweke penye ukweli," Shemasi akasema. "Kinyozi yuko ukuta kwa ukuta na sisi. Shingoni. Futi tano. Maji hulala, si ndivyo, Nanga?"

"Yakiwa na heshima, hulala."

Mkebe wa bluu ulikuwa stoo. Nanga akashika kiti, Shemasi akashika muda, na Royce akafuta mstari wa zamani kwa rangi nyeupe na kuvuta mwingine chini yake, ulionyooka sawasawa, kwa mkono ambao bado ulikuwa haujazeeka. Ilikuwa kazi nzuri, na akajisikia vibaya tangu mwanzo hadi mwisho wake.

Walikuwa wananawa mikono mlango ulipofunguliwa. Bi Verlene, nywele zimesimama imara, na nyuma yake binti mwenye fulana ya jiji, amebeba mguu wa mashine begani.

"Huyu ni Bi Kessinger," Verlene akasema. "Amekuja kumpima Baba."

Kisha akanusa hewa. Akatazama ukuta.

Binti akasimamisha mashine mlangoni, akaandika namba, akailinganisha na kimo cha mafuriko kwenye karatasi zake, akatoa fimbo ndefu ya kupimia na kuisimamisha ukutani. Akaivuta ipande. Ikaupita mstari mbichi. Ikaipita saa. Royce akaitazama ikienda, akisubiri isimame, nayo haikusimama mpaka ilipogota dari.

"Hiyo mashine yako mbovu, mwanangu," Nanga akasema.

"Imebaki inchi nne," binti akasema. "Hapa maji yalipita dari. Mlikuwa na mtu humu siku ile?"

"Baba yangu," Verlene akasema.

"Alitokaje?"

"Kwa tundu la paa. Babu alilipasua kwa shoka."

Binti akaandika. Hakucheka. Royce alimtazama usoni kwa makusudi aone kama atacheka.

"Na kwa kinyozi?" Shemasi akauliza, kinyonge. "Kwake ni shingoni."

"Kinyozi ameshindwa. Anasema aliuteremsha wake apate nafasi ya kioo." Akagusa mstari wa bluu, akakitazama kidole chake. "Na huu umekosea kwa futi tano na zaidi, tena haujakauka. Sasa namalizia nyumba tatu zilizobaki. Nitarudi saa sita. Kibao hupewa mstari ulio sahihi, na kwenye fomu yangu hakuna mahali panapouliza ulipakwa lini."

Akaondoka. Bi Verlene akavuta kiti akakaa, jambo ambalo halifanyi mbele ya wateja.

"Nilipokuwa mdogo ulikuwa juu kabisa," akasema. "Nikaenda Detroit miaka thelathini, niliporudi kumzika nikaukuta chini. Nikadhani ni mimi. Nikasema nilikuwa mfupi tu wakati ule, watoto huona kila kitu kirefu. Yaani hata mimi, Royce. Hata mimi nilishaanza kumwona mwongo."

"Bi Verlene," Shemasi akaanza, "sisi tulitaka..."

"Najua mlichotaka. Mngekuwa mnamchukia ningewafukuza, ningepumzika."

"Maisha yake yote Orville alisema kweli mara moja tu," Nanga akasema taratibu, "na sisi tukaipaka rangi. Mara tatu."

"Nne," Royce akasema.

Verlene akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo, akayafuta kwa aproni iliyotundikwa karibu, yenye unga, ikawa kazi nyingine. Kisha akainuka, akaenda stoo, akarudi akiburuta ngazi.

"Panda."

"Nina miaka sabini na sita, Bi Verlene."

"Baba alipanda akiwa na tisa, tena gizani. Panda."

Akapanda. Shemasi akashika mguu mmoja wa ngazi, Nanga akashika mwingine, na Verlene akasimama katikati ya duka mikono kiunoni. Royce akainua brashi.

"Hapa?"

"Juu."

Akapanda kipago kingine. "Hapa?"

"Juu."

"Verlene, kichwa kimegota dari."

"Basi paka dari."