Gunia la Bwana Taarifa

Habari ilifika kijiweni kabla ya mwenye habari kukaa. Bwana Taarifa alianza kuitangaza akiwa bado ng'ambo ya barabara, gunia begani, redio ndogo ikining'inia shingoni kama hirizi.

"Chakula cha kuku sasa ni bure! Mtaalamu kasema asubuhi hii, nimemsikia kwa masikio haya. Kuku wa nyumbani apewe magugu na majani ya bustani. Kiini cha yai kinang'aa utadhani kimepakwa rangi!"

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea kibanda cha Fundi Gundi, mshona viatu, na mlango wa pili ni wa kinyozi wanayemwita Wembe. Siku hiyo alikaa hapo Mama Hofu, akingoja kiatu cha mwanawe kishonwe. Jina hilo walimbandika kwa kuwa huchemsha maji, akayachuja, halafu akayachemsha tena. Hajali. Ana kuku wachache nyuma ya nyumba, na mayai yao ni ya kitinda mimba wake, ambaye ndiyo kwanza katoka kuugua, kabaki macho na mbavu.

Bwana Taarifa akalitua gunia miguuni pa Mama Hofu, akaketi benchini. "Shika, dada yangu. Zawadi. Wamwagie leo leo. Mchicha uliojiotea bustanini kwangu kati ya magugu haya tumeuchuma wenyewe, jana nimekula sahani mbili nikalamba na kijiko. Haya yaliyobaki ni haki ya kuku."

Mama Hofu akashukuru. Kisha akafungua gunia, akachota konzi moja, akanusa.

"Haya, kaanza," Fundi Gundi akasema, uzi ukiwa mdomoni. "Sasa atayauliza majani yamesoma shule gani."

"Cheka tu, Fundi. Mbona ncha zimegeuka njano?"

"Jua hilo!" Bwana Taarifa akadakia. "Dada, kuku anakula mende. Anachakura jalalani. Leo unataka umletee majani yaliyopigwa pasi?"

"Kuku anakula mende, kweli. Lakini yai la kuku analila mwanangu."

"Hofu ni ugonjwa, dada. Mtaalamu mzima kasema."

"Na alimaliza kwa kusema nini?"

Bwana Taarifa akajikuna kisogo. "Kumaliza... nilizima redio niwahi kuja kuwaambia."

Fundi Gundi alicheka mpaka uzi ukamtoka mdomoni. "Huyu mtu! Mwezi uliopita katutangazia maji yanakatika. Tumejaza ndoo, tumejaza masufuria, mke wangu kajaza mpaka birika la wageni. Kumbe ni mtaa wa pili! Habari zake zote hazina mkia."

"Penye wazee hapaharibiki neno," Bwana Taarifa akajitetea.

"Wewe huwa umeshaliharibu njiani."

Mama Hofu hakucheka. Alikuwa bado anayageuzageuza majani kiganjani. "Hebu niambie. Tangu lini wewe unang'oa magugu? Mkeo anasema kiuno chako kina cheti cha daktari."

"Ni shida, dada. Jumamosi wanakuja wageni wa kumposa binti yangu, na bustani ilikuwa pori. Nikanunua dawa ya magugu, nikajaza bomba, nikapulizia kila pembe. Wapi! Kesho yake magugu yananitazama kwa dharau. Keshokutwa yake, yako palepale. Dawa feki! Muuzaji yule ni mwizi, Mungu anamwona. Ndiyo nikainama mwenyewe nikang'oa. Halafu nikajiuliza, neema yote hii nitupe, na kuku wa dada yangu wapo?"

Nyundo ya Fundi Gundi ikabaki hewani.

"Ulipulizia dawa," Mama Hofu akasema taratibu.

"Feki, nimekwambia."

"Hiyo feki ndiyo iliyogeuza ncha njano?"

Wembe akachomoza kichwa mlangoni, mashine mkononi, mteja nyuma yake kanyolewa upande mmoja. "Mimi nilimsikiliza yule mtaalamu mpaka mwisho. Alisema, magugu yasiyopuliziwa dawa. Akarudia na kurudia. Tena kuna magugu mengine, alisema, ni sumu hata bila dawa, kwa hiyo usilolijua usimpe kuku."

"Basi kuku wasile!" Bwana Taarifa akapunga mkono. "Kuna nini cha kununiana? Yamwage jalalani, yameisha."

"Na mchicha?" Mama Hofu akauliza.

"Mchicha upi?"

"Wa sahani mbili. Uliota bustani ya nani?"

Mkono wa Bwana Taarifa ukashuka wenyewe, ukatua tumboni, ukatulia hapo.

"Dawa yenyewe feki," akasema, sauti imeanza kukatika kama redio iliyoishiwa betri. "Si ndiyo, Fundi? Yule muuzaji... sura yake tu... ni feki."

"Leo ndiyo mara ya kwanza," Fundi Gundi akasema, "kuona mtu anamwombea dua muuza feki."

"Dada, nitakufa?"

"Sijui. Mimi najua kuogopa tu." Mama Hofu alikwishasimama. Akalifunga gunia mafundo mawili, akamsukumia Fundi Gundi. "Lisiguswe na mbuzi wa mtu. Na wewe, inuka. Tunampitia mkeo, na wote waliokula. Chupa ya dawa tunaibeba, daktari aisome mwenyewe. Usimsimulie wewe, utamwachia nusu."

"Twende wote?"

"Wote. Nani mwingine atauliza maswali?"

Wakaondoka, mama mbele, Bwana Taarifa nyuma akitembea kama aliyebeba mayai. Muuza mkaa akawaona, akapaza sauti kama ilivyo desturi ya mtaa mzima:

"Bwana Taarifa! Leo kuna habari gani?"

"Ngoja," akajibu, bila kuondoa mkono tumboni. "Sijaisikia mwisho wake."