Vita vya Binzari Jikoni kwa Mama Agape

Sogeeni, nyie mnaowasha mkaa na nyie mnaopuliza kuni, wekeni miiko chini, msikie jinsi Pudensiana wa Shanwe, mama yake Agape, simba jike wa mafiga, alivyoingia vitani siku wazazi wa Manyanda walipokuja kumposa bintiye. Sikieni, tena muogope.

Maana kuku alishachemka, na Mama Manyanda, mtu wa ng'ombe na maziwa, alijulikana kwa neno moja: hamchukulii mwanawe mke kwenye nyumba isiyojua mchuzi. Tena vidonda vya tumbo vilimkataza pilipili.

Kwanza akajitokeza Binzari ya Pakiti, wa njano, mzaliwa wa duka moja la Majengo. Pudensiana akampasua, akamnusa. Lahaula! Harufu ya sabuni ya unga. Muuzaji alimlaza na sabuni rafu moja.

"Rudi ulikotoka, ewe mfua nguo!" akatangaza.

Akainuka Kari ya Kopo, rojo jekundu linalong'aa mafuta. Pudensiana akaonja kwa ncha ya kidole, ulimi ukawaka moto. Akamwona akilini mkwe ameshika tumbo, na posa inarudi kwao Mwese kwa bodaboda. Kopo likafungwa kwa nguvu zote.

Ndipo akaingia jirani yake Nyamizi, kabeba kibakuli kama ngao.

"Mama Agape, pumzika. Hii ya nyumbani, nimetwanga mwenyewe asubuhi hii hii. Wewe tia tu!"

Mkono ukapaa juu ya sufuria. Lakini woga, ule woga wa mama ambao watoto huucheka, ukamshika kiwiko. Akanusa kwanza. Akapiga chafya iliyotawanya bata uani. Akapiga nyingine.

"Nyamizi! Umetwangia kinu cha nani?"

"Si cha Babu Gaudensi? Nilikifuta lakini."

"Cha ugoro! Unataka mkwe wangu anywe ugoro?"

"Angalau asingeusahau mchuzi wako."

Pikipiki zikanguruma nje. "Mama, wamefika!" Agape akaita mlangoni.

Shujaa hakukimbia. "Nyamizi, mbegu nzima zimebaki?"

"Giligilani na binzari nyembamba, kidogo."

"Lete!"

Akazikaanga kavu, akazimwaga kwenye sinia, akatwaa mkuki wake, chupa tupu ya soda, akaziviringishia chupa huku jasho linamtiririka, mpaka zikasagika kama jeshi lililokimbiwa na jemadari wake. Akazitosa sufuriani. Nyumba nzima ikanukia.

Wageni wakanawa, wakala. Pudensiana hakumeza hata tonge. Mama Manyanda akafuta bakuli lote kwa ugali, akainua uso.

"Mayu, mama yangu, hiyo binzari imebaki?"

"Kidogo tu, mkwe."

"Nifungie."

Akaifundika kwenye pindo la kitenge, akamgeukia mumewe: "Haya, baba Manyanda, sasa sema habari ya ng'ombe."

Hivyo ndivyo posa ilivyookolewa Shanwe, na chupa ile ikawekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Nanyi wanawake, nawaonya: nuseni kabla ya kutia, na kinu cha kuazima, ulizeni kwanza jana kilitwanga nini.